Kapu la Sadaka Si Bima ya Afya



Dominika moja ya Kwaresima, baada ya Komunyo, niliwasomea matangazo kama kawaida. La nne lilimhusu mama mmoja wa kigango chetu cha mbali ambaye alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Daktari alikwisha kumruhusu kurudi nyumbani, lakini siku 11 baadaye alikuwa angali wodini pamoja na kichanga chake, kwa kuwa mumewe alishindwa kulipa gharama. Niliomba kapu lipitishwe mara ya pili. Kwaya iliimba, wanaume wakajipapasa mifukoni, akina mama wakafungua mafundo ya khanga, na fedha zilipohesabiwa sakristia zilitosha, hata ikabaki chenji ya nauli. Jumatatu mama yule alirudi kwake. Dominika iliyofuata wengi wenu mlinishika mkono mlangoni mkisema, "Padre, hii ndiyo parokia." Nami nilifurahi, wala sikuificha furaha yangu.

Naandika kurasa hizi kwa sababu furaha ile imeninyima usingizi. Hospitali iliyomzuia mama yule ina msalaba juu ya lango lake. Ni ya kwetu. Mimi ni mjumbe wa bodi yake, na kanuni ya kutomwachia mgonjwa anayedaiwa mpaka alipe au alete mdhamini niliipitisha kwa mkono wangu huu, miaka miwili kabla, katika kikao kilichofunguliwa na kufungwa kwa sala. Basi, tukisema kweli, fedha za kapu lile zilitoka mifukoni mwenu zikaingia mfukoni mwa Kanisa, na katikati akawekwa mwanamke mwenye mshono mbichi awe rehani. Alipopata nguvu alikuja nyumbani kwa mapadre na kuku wa shukrani. Nilimpokea. Sikupata ujasiri wa kumweleza ni nani aliyekuwa amemfungia mlango.

Kuna mafundisho ambayo sisi mapadre tuliyasoma seminarini, tukayafanyia mtihani, kisha tukayaacha kabatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, namba 8, unaonya kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anastahili kwa haki asije akapewa kana kwamba ni zawadi ya upendo. Tena kwamba tuondoe visababishi vya maovu, si matokeo yake tu. Miaka miwili kabla ya hapo Papa Yohane wa 23, katika barua yake juu ya amani duniani, alikuwa ameyaweka matibabu katika orodha ya haki za binadamu, bega kwa bega na chakula, mavazi na makazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, akiandika juu ya kazi ya mwanadamu, alitaka matibabu yawe rahisi kupatikana kwa mfanyakazi, na kadiri iwezekanavyo yawe ya bei nafuu au hata ya bure. Zamani zaidi, Mtakatifu Agostino aliwaambia waamini wake wa Hippo kwamba ni heri kusiwepo mwenye njaa, nawe usiwe na wa kumpa mkate, kuliko kumpa mkate mwenye njaa. Mpaka leo sijasikia homilia juu ya maneno hayo siku ya kutoa sadaka. Nadhani tunaogopa kwamba yakieleweka vizuri, kapu litarudi jepesi.

Tulivyofika hapa

Wazee mliopo mnakumbuka kuliko mimi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu iliamua kwamba matibabu yasiwe bidhaa. Zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1977 sheria ikakataza hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida; za mashirika ya dini zikabaki. Uamuzi huo ulikuwa na kasoro zake. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, zahanati nyingi zilibaki na mganga, meza na kabati tupu. Lakini nia ilikuwa sahihi: mgonjwa aulizwe kwanza anaumwa wapi, si ana shilingi ngapi.

Mwaka 1991 tiba ya faida iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama, kwanza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka hatua kwa hatua mpaka chini. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Rika langu tunalikumbuka daftari: ilikupasa ufike na daftari lako la kuandikiwa ugonjwa, la sivyo urudi dukani. Baada ya daftari ikafuata sindano, na baada ya sindano mama mjamzito akaambiwa aje na glavu, wembe, uzi na mpira wa kulalia, wakati sera inatamka wazi kwamba mama mjamzito halipi. Neno "kuchangia" ni zuri mno kwa jambo hili. Katika lugha yetu anayechangia ni mwenye nacho, anayeongeza chake juu ya cha wenzake. Aliyeambiwa alipe au aondoke hajachangia kitu. Amenunua, au amefukuzwa.

Watunga sera walijua kwamba wapo watakaoshindwa, wakaweka msamaha: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wagonjwa wa kifua kikuu, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na maskini kwa jumla. Naomba nikae kidogo juu ya msamaha huu, maana hapa ndipo watu wetu wanapoangukia.

Mzee asiye na uwezo hana budi kwanza aende kwa mtendaji wa kijiji apewe barua. Mtendaji yuko semina wilayani. Akirudi, anataka uthibitisho wa mwenyekiti wa kitongoji. Barua ikipatikana, hospitali inamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye yuko mmoja kwa hospitali nzima na siku hiyo hayupo. Mzee amekuja kwa bodaboda ya kukopa, na maumivu ya kibofu hayasubiri semina iishe. Tena barua yenyewe inadai kwamba mtu asimame mbele ya vijana aliowafundisha kulima, awathibitishie kwamba hana kitu, watoto wake hawamtunzi, na mbuzi anayeonekana uani ni wa jirani. Nimewahi kumsindikiza mzee mmoja katika safari hiyo. Alipofika dirisha la tatu aliniambia, "Padre, turudi. Kuumwa kuna heshima kuliko huku."

Msiwarukie wauguzi upesi. Kwa miaka mingi kila mgonjwa aliyesamehewa alikuwa hasara kwa kituo kilichomtibu, kwa sababu msamaha ulitamkwa lakini hakuna aliyerudisha fedha za dawa alizopewa. Hospitali yenye huruma ilimaliza dawa mapema. Yenye roho ngumu ilibaki nazo. Hiyo ni hundi iliyoandikwa bila akiba benki, na kila dirisha mgonjwa alipoipeleka aliambiwa ajaribu dirisha jingine.

Bima ya maiti na bima ya walio hai

Mwaka 1996 ulianza huko Igunga, mkoani Tabora, Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa mchango mmoja kwa mwaka, nayo ikatibiwa katika zahanati yake bila kulipa tena. Sheria ya kuueneza nchini ilitungwa mwaka 2001, mwaka uleule watumishi wa Serikali walipoanza kutumia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao huchangiwa kwa asilimia ya mshahara, nusu na mwajiri na nusu na mtumishi. Angalieni tofauti: mwenye mshahara aliingizwa kwa sheria, na mwajiri akambebea nusu. Mkulima aliachiwa hiari yake.

Hiari hiyo ndiyo iliyoudhoofisha mfuko wa wakulima. Aliye mzima alisema atajiunga mwakani. Aliyejiunga haraka ni yule ambaye tayari alikuwa na kikohozi. Mfuko uliokusanya wagonjwa ukakosa fedha za dawa; dawa zilipokosekana, hata waliolipa wakaona wamedanganywa, wakaacha. Sina haja ya kuwafundisha hesabu hii, kwa sababu ninyi wenyewe mnaijua vizuri kuliko wataalamu wa wizara. Mnaifanya kila siku katika vyama vyenu vya kufa na kuzikana.

Nani kati yenu anaruhusiwa kujiunga na chama cha kuzikana siku ambayo mama yake amekata roho? Nani anasema, "Mimi sina mgonjwa nyumbani, mwaka huu sitoi"? Asiyetoa hutengwa, akifiwa, majembe hayaji. Mjane asiye na kitu husamehewa mchango, lakini hazikwi tofauti, na hakuna anayemdai barua ya mtendaji, kwa kuwa wote wanamjua. Kila mwenye nguvu anatoa kabla ya msiba, asiye na nguvu anabebwa, na siku ya haja haulizwi mtu alitoa kiasi gani. Hiyo ndiyo bima kwa wote. Tumeijenga wenyewe, bila mfadhili na bila mshauri kutoka nje. Lakini tumeijengea maiti! Marehemu ana uhakika wa sanda, jeneza, sufuria za pilau na lori la kumsafirisha, na mara nyingi robo ya gharama hizo ingemlipia dawa za shinikizo la damu kwa miaka. Nimezika watu wengi ambao tuliwachangia baada ya kuchelewa. Naona haya kila ninapomimina maji ya baraka juu ya jeneza zuri.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, ambao vyanzo vyake vimetajwa kuwa pamoja na ushuru wa soda, pombe na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Mimi naiunga mkono, nikijua kwamba wengine kati yenu hawataki kuisikia. Ni mara ya kwanza tangu miaka ya uchangiaji ianze kwamba msamaha wa maskini umetajiwa fedha ndani ya sheria.

Mfanyabiashara mmoja, mtu mwema aliyetupatia mabati ya kigango, aliniuliza kwa nini alipe kwa ajili ya mtu asiyemjua, anayekunywa gongo na asiyefanya kazi. Nilimjibu kwamba watu wa namna hiyo wapo, hata kwenye viti vya mbele vya kanisa, isipokuwa hao hawanywi gongo. Lakini mbogo wa hoja hii aliyemjeruhi ni hofu ya kwamba msaada hulea uvivu. Katika miaka yangu ya upadre sijaona mtu aliyejivunja mguu ili afaidi plasta, wala mwanamke aliyeomba mimba yake ikwame ili apasuliwe kwa bei nafuu. Ugonjwa si shamba ambalo mvivu hakulilima. Yeye mwenyewe, mfanyabiashara, figo zikikataa kazi leo, duka lake lote litaisha kwa kusafisha damu mara tatu kwa wiki kabla masika hayajapita mara mbili. Katika jambo hili hakuna tajiri wa kudumu parokiani petu.

Walakini kuunga mkono sheria si kufumba macho. Ninayo madai matatu, na la kwanza ni zito kuliko mengine.

Muswada ulipojadiliwa hadharani mwaka 2022, kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, wakati Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza 30,000 kwa kaya kama hiyo. Najua huduma zilizoahidiwa hazikuwa sawa, na kwamba 30,000 haifiki mbali. Hata hivyo swali langu linahusu kanuni, si kiasi, na litabaki palepale hata kiasi kikipunguzwa kila mwaka. Mwenye mshahara hutoa asilimia: mwenye kidogo hutoa kidogo. Asiye na mshahara anatajiwa kiasi kimoja, awe na malori manne au awe na debe la nyanya barabarani. Je, Kanisa lingethubutu kudai zaka ya namna hiyo? Zaka ni sehemu ya mavuno ya kila mtu, si gunia moja kwa kila mlango. Yesu alipoketi kulielekea sanduku la hazina, akaona senti mbili za mjane zinapita mafungu ya matajiri, alikuwa anapima mchango kwa kile kilichobaki nyumbani baada ya kutoa. Mfumo unaopima kilichotolewa tu utamwona mjane kuwa mdaiwa sugu. Ni vigumu kupima kipato cha muuza nyanya, nakubali. Lakini halmashauri inayojua kumtoza ushuru sokoni alfajiri haiwezi kusema haijui anauza nini.

La pili ni dawa. Kadi inayompeleka mgonjwa mpaka dirisha la dawa na kuambiwa akanunue duka la nje ni kadi ya nusu safari. Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kwa miaka mingi yetu haikufika hapo. Raia anaposhurutishwa kisheria kutoa mchango wake, naye ana haki ya kuishurutisha Serikali itoe wa kwake.

La tatu ni utambuzi wa maskini, na hapa lawama inaturudia sisi walei na mapadre. Mmeona orodha za kaya maskini zilivyowahi kuandikwa katika vijiji vyetu: shemeji wa kiongozi yumo, bibi kizee wa mwisho wa njia hayumo. Tulinung'unika tukitoka Misani, lakini mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa ili majina yahakikiwe, tulikuwa wapi? Mwenyekiti mmoja wa jumuiya aliniambia kwamba siku hiyo walikuwa na rozari. Rozari ingeweza kusaliwa jioni.

Mwenye nyumba ya wageni

Narudi kwenye hospitali yetu, kwa sababu si haki kuinyoshea Serikali kidole huku mkono wangu mwenyewe ungali juu.

Utetezi wetu naujua, nimeutoa mara nyingi. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa, hospitali zetu zimekuwa mshirika wa taifa, na mahali pengine ndizo hospitali za wilaya. Ruzuku huchelewa. Madai ya bima hukatwa, kisha hulipwa baada ya miezi. Mkataba wa huduma na halmashauri, ambao ungemlipia mama yule upasuaji wake, haukuwa umesainiwa. Wauguzi wanataka mshahara mwisho wa mwezi, na bohari ya dawa haipokei baraka za kipadre. Yote hayo ni kweli. Lakini tazameni tulichofanya: tunamdai mkubwa asiyelipa, nasi kwa kumwogopa tukageuka tukamkaba koo mdogo. Yule mtumwa wa Injili ya Mathayo aliyemkaba mwenzake kwa ajili ya dinari 100 angalau alikuwa amesahau kwamba amesamehewa. Sisi hatukuwa tumesahau lolote. Tulikuwa na kumbukumbu za kikao.

Katika mfano wa Msamaria Mwema tumemhubiri Msamaria, tumemsema kuhani na Mlawi, tumewataja hata wanyang'anyi. Mwenye nyumba ya wageni tumemwacha bila homilia. Yeye hakufanya kazi bure, wala Bwana hakumlaumu kwa kupokea dinari 2. Chakula, mafuta na kitanda vina gharama, na anayehubiri kwamba hospitali ya Kanisa iishi kwa huruma tu hajawahi kukaa katika bodi. Lakini kumbukeni mpango wenyewe ulivyokuwa. Malipo yalitangulia, kilichozidi kikaahidiwa na mwenye uwezo wa kulipa, na hesabu ikabaki kati ya watu wawili wenye afya. Majeruhi hakuambiwa bei. Hakuna mahali panaposemwa kwamba Msamaria alipochelewa kurudi, yule mtu alifungiwa ndani. Kazi ya bima, ikifanywa inavyopaswa, ni hiyo tu: deni lihamishwe kutoka mabegani mwa mgonjwa, liwekwe kati ya wanaoweza kubishana wakiwa wamesimama.

Mwezi uliopita nilipeleka kwenye bodi hoja ya kuifuta kanuni ile. Nilipendekeza kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari aondoke siku hiyohiyo. Deni lake liandikwe, lidaiwe halmashauri pale ambapo sera inamsamehe, na liandikiwe mpango wa kulipa kidogo kidogo pale ambapo ana uwezo. Nilipendekeza pia kwamba fedha tunazokusanya katika parokia zote kwa ajili ya "kuwakomboa" wagonjwa zitumike kulipia mapema michango ya bima ya kaya zisizoweza, mpaka mfuko wa Serikali utakapowafikia. Wajumbe walinisikiliza kwa adabu. Mhasibu aliuliza maswali mazuri ambayo sikuweza kuyajibu yote. Hoja imeahirishwa mpaka kikao kijacho.

Wakati tunasubiri, naomba haya. Kila jumuiya ikutane nje ya siku ya rozari, itaje kaya ambazo kweli haziwezi kulipa bima, za Wakatoliki na za wasio Wakatoliki, za Waislamu na za wale ambao hawaji popote. Makatibu waniletee majina kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Luka, tarehe 18 Oktoba. Hayatasomwa altareni wala kubandikwa mlangoni mwa kanisa. Watu wawili wa Haki na Amani watayapeleka kwa mtendaji wa kila kijiji, wakae mpaka yapokelewe, na warudi na nakala yenye mhuri. Mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa kuhakiki orodha, siku hiyo hakutakuwa na mafundisho, mazoezi ya kwaya wala kikao chochote parokiani. Kama utaangukia Dominika, Misa itakuwa saa 12 asubuhi, nami nitafupisha homilia.